Mtoto hakukosea, karatasi ndiyo iliyokosea

Jana mpwa wangu alinionyesha daftari lake la Kiingereza akiwa amenuna. Sentensi ilisema: "They quarrelled, but they made up before supper." Yeye akaandika: "Waligombana, lakini walijipodoa kabla ya chakula cha jioni." Akapigwa kosa kwa wino mwekundu, bila neno moja la maelezo.

Nilikasirika, na hasira haijaisha. Mtoto huyu si mvivu. Alikariri alichopewa: karatasi yenye vitenzi kushoto na tafsiri moja moja kulia. "Make up", jipodoa. Basi.

"Make up" haina tafsiri moja. Ikifuatwa na "a story" au "an excuse", ni kubuni. Ikifuatwa na "your mind", ni kukata shauri. Wachezaji 11 "make up a team", yaani wanaiunda. Ongeza "for" na umeshaingia kwenye kufidia, kama muda uliopotea. Neno la jirani ndilo linaloamua.

Na sisi tunalijua hilo tangu utotoni! Tunakata tiketi, tunakata rufaa, tunakata kiu, tunakata tamaa, na hakuna anayetafuta kisu. Hakuna mzazi aliyemkalisha mwanawe chini amkaririshe maana za kata. Mtoto alizisikia ndani ya maneno ya watu, akazishika. Kwa nini tumnyang'anye uwezo huo akifungua tu kitabu cha Kiingereza?

Haya, orodha humsaidia mtu usiku wa kuamkia mtihani. Na jirani naye hatoshi kila mara: "They made it up" yaweza kuwa walibuni, yaweza kuwa walipatana, mpaka usome kilichotangulia. Ndiyo maana nasema tuwape watoto sentensi nzima, hata aya nzima. Humo pia wangeona kwamba "it" hukaa katikati, kamwe si "made up it". Karatasi ile haikuligusa hilo.

Niliifunika kwa kiganja. "Hawa watu mwanzoni walikuwaje?"

"Wamegombana, mjomba."

"Na kufikia wakati wa kula?"

Akanyamaza. Kidole chake kikarudi nyuma, kikatua kwenye "but", kikakaa hapo.

"Walipatana?"

Akachukua penseli, akaliandika juu ya ule wino mwekundu.