Kapteni Asiyecheza

Tangu Ijumaa nimepoteza jina humu ndani. Mke wangu akitaka sanduku lishushwe juu ya kabati, anaita, "Kapteni asiyecheza!" Watoto wamedaka. Jana yule mdogo wao kabisa, ambaye hata jina lake mwenyewe halimalizi, kanipita mlangoni, kasema "kapiteni," kaenda zake. Mimi huyu, mtu mzima, mwenye mvi za halali.

Chanzo ni Kombe la Davis.

Ngoja kwanza nitoe la moyoni kabla sijafika kwa baba mkwe. Mashindano mengine ya mataifa yana adabu. Yanakuja mara moja, unamwomba mwenzio radhi, unaangalia, yanakwisha, mnapatana. Hili la tenisi ya wanaume lina tabia za mdaiwa. Mwanzoni mwa Februari linaonekana siku mbili tatu, linapotea. Septemba linachungulia mlangoni, linapotea tena. Novemba ndiyo linarudi na mizigo yake yote na kukaa karibu wiki nzima. Katikati hapo hakuna wa kukwambia kitu. Septemba Hispania walikuwa nyuma 0-2 mbele ya Denmark, wakageuza kibao wakashinda 3-2, mimi habari hiyo nimeipata Novemba. Na bando unalijua, halimsubiri mtu.

Ila mwaka 2025 niliapa: msimu huu naufuata mwanzo mwisho. Nikachagua Ubelgiji, kwa ajili ya kisa kimoja tu. Februari, mjini Hasselt, Zizou Bergs wa Ubelgiji anacheza na Cristian Garin wa Chile, seti ya tatu, ya mwisho. Bergs akaipata gemu ya kumweka mbele 6-5, furaha ikampanda kichwani, akatoka mbio kwenda kwenye benchi lake huku anarukaruka. Garin naye anajipitia zake. Pu! Garin chini, kashika jicho. Daktari akasema huyu anaweza kuendelea. Garin akasema haendelei. Mwamuzi akatazama saa, akampa adhabu ya kuchelewesha mchezo, kisha nyingine, mpaka gemu yenyewe ikaisha kwa adhabu. 7-5, mshindi Bergs. Yaani mtu kagongwa, kaanguka, halafu kaadhibiwa kwa kuchelewa kuinuka! Nikajiambia: mimi maisha yangu yote nimekuwa Garin. Safari hii na mimi nikae upande wa anayegonga.

Septemba Ubelgiji wakasafiri hadi Sydney, wakawatoa Australia 3-2. Novemba wakatua Bologna, wakawatoa Ufaransa. Ijumaa tarehe 21, nusu fainali na Italia. Italia wako mbele 1-0, Berrettini wao kamaliza kazi yake mapema, sasa ni Bergs na Flavio Cobolli wa Italia, kila mmoja ana seti moja, ya tatu ya kuamua imefika 6-6. Nimeketi. Betri za rimoti nimeziuma tangu asubuhi. Moyo unakwenda mbio.

Hodi.

Baba mkwe. Shikamoo, marahaba, karibu baba. Nikampisha kiti changu, kile chenye mto, nikahamia kwenye stuli. Akatazama kioo kwa muda.

"Hii ni timu ya taifa?"

"Ndiyo, baba. Italia na Ubelgiji."

"Mbona yuko mmoja?"

"Wanacheza mmoja mmoja, baba. Hatua hii ni mechi mbili za mmoja mmoja, halafu moja ya wawili wawili."

"Na yule aliyekaa pale pembeni?"

"Yule ndiye kapteni."

"Anaingia saa ngapi?"

"Haingii, baba. Ni kapteni asiyecheza. Anakaa, anashauri."

Mzee akageuza shingo polepole. Akanitazama mimi juu ya stuli. Akamtazama binti yake, aliyekuwa anapita na beseni la nguo. Hakusema neno. Mke wangu naye hakusema neno. Lakini nilisikia kabisa jina likizaliwa.

Nikaona nijiokoe kwa elimu. "Sasa hapa, baba, ni taibreka, gemu ya kuamua seti. Wa kwanza kufika pointi saba anashinda." Nilisema mwenyewe, kwa kinywa changu, kwa ile sauti ya mtu anayejua.

Wakafika sita kwa sita.

"Haya, moja hiyo waende nyumbani," akasema mzee.

"Inabidi ampite kwa mbili, baba."

"Hukusema mbili."

"Nilisahau, baba."

Saba kwa saba. Nane kwa nane. "Saba imeshapita, mkwe." Ndiyo, baba. Tisa kwa tisa. Mzee akakohoa, akauweka mto vizuri mgongoni.

"Na mimi ile ngazi yangu ulisema unakaa nayo siku saba."

Ndugu zangu, kumi kwa kumi, kwenye nusu fainali, mtu analeta habari ya ngazi! Nikanyamaza. Kumi na moja kwa kumi na moja. "Ngazi ilitoka kwangu Machi," akaendelea, macho kwenye kioo. "Au nayo inabidi ipite kwa mbili?" Jikoni nikasikia mtu anacheka na sufuria.

Kumi na tatu kwa kumi na tatu, picha ikaganda. Bergs mkono juu, mpira hewani, na kile kiduara kikaanza kuzunguka. Nikainuka. Nikakaa. Nikainua simu juu kabisa ya kichwa, kama vile mtandao huwa unapita karibu na dari. Ningekuwa na ngazi ningeipanda.

"Wamefika ngapi?" akauliza mzee.

"Sijui, baba."

"Basi sawa."

Picha iliporudi Waitalia wanakumbatiana. Cobolli 17, Bergs 15. Pointi 32, na mimi nimekosa sita za mwisho. Kuanzia Februari!

Mzee hakuondoka. Anasubiri. "Walete sasa wale wa wawili wawili."

"Hawachezi tena, baba. Ni 2-0, imekwisha."

"Na wameshavaa viatu?"

Hapo nilikosa jibu, na mpaka leo sina. Italia walimtoa Austria 2-0, wakamtoa Ubelgiji 2-0, na Jumapili wakamfunga Hispania 2-0 wakachukua kombe, la tatu mfululizo, hata bila Jannik Sinner, mchezaji wao bora. Bolelli na Vavassori, watu wa wawili wawili, wamelibeba bila kupiga mpira hata mmoja kwenye mashindano hayo ya Bologna. Na wala si wao peke yao. Italia yote, kwa kuwa ni mabingwa na tena wenyeji, Februari hawakucheza. Septemba hawakucheza. Wameingia Novemba, wamecheza mechi sita, bingwa wa msimu. Mimi niliyeuma betri tangu Hasselt nimepata nini? Jina jipya.

Halafu kombe lenyewe ni bakuli. Kweli kabisa, bakuli la fedha. Kijana mmoja wa chuo cha Harvard, Dwight Davis, ndiye aliyelitoa mwaka 1900, na tangu hapo wanachonga majina ya washindi. Pakijaa wanaongeza kitako chini yake, kikijaa kitako wanaongeza kingine, hadi sasa huwezi kujua bakuli liko juu ya nini. Baba mkwe alipoliona Jumapili (maana Jumapili alirudi tena, na kile kiti sasa ni chake), akaniuliza, "Wanalifikiaje huko juu?" Kisha akajijibu mwenyewe, taratibu, bila ukali: "Watu wana ngazi zao."

Ngazi, niseme ukweli, haiko kwangu. Juni nilimwazimisha jirani. Jana nimemfuata, nimesimama mlangoni kwake kwa heshima zangu zote, naye ananitazama usoni ananiambia, nipe siku saba.