Ile asilimia 58 iliyosahaulika

Kila unapozuka mjadala wa chanjo ya malengelenge ya sehemu za siri, jibu liko tayari: ilishajaribiwa, ikashindwa. Wanaosema hivyo hawabahatishi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalihusu wanawake 8,323 wa Marekani na Kanada ambao hawakuwa na HSV-1 wala HSV-2, virusi viwili ndugu vya herpesi vinavyoleta malengelenge hayo. Waliochanjwa walipewa protini moja tu ya uso wa HSV-2, glaikoprotini D (gD). Dhidi ya ugonjwa kwa jumla chanjo ilikinga kwa asilimia 20, kiasi kisichoweza kutofautishwa na bahati, na dhidi ya HSV-2 haikukinga kabisa. Tangu hapo imekuwa kama kanuni kwamba kukizuia kirusi kisishike seli ni kupoteza muda, na kwamba tumaini lote liko kwenye seli T, zile seli za kinga zinazosaka seli zilizokwisha kuambukizwa.

Mimi naona tumesoma nusu ya matokeo.

Herpesi haingii kwa mguso mmoja. Kwanza gB na gC, protini nyingine za uso wake, hunasa heparani salfeti, minyororo ya sukari iliyotapakaa juu ya seli. Mshiko huo ni legevu. Kisha gD hutafuta kipokezi hasa: nektini-1, iliyopo kwenye seli za ngozi na za neva, au HVEM, inayopatikana sana kwenye seli za kinga. Ikishashika, gD hubadili umbo, gH na gL, nazo za uso wa kirusi, huamshwa, na gB hujikunja ikiuvuta utando wa kirusi uungane na wa seli. HSV isiyo na gD haiingii. Aliyechagua protini hiyo kwa chanjo hakukosea mlango.

Sasa turudi kwenye jaribio lenyewe. Dhidi ya malengelenge ya sehemu za siri yanayoletwa na HSV-1, chanjo ileile ilikinga kwa asilimia 58. Makadirio yake ni mapana, kuanzia 12 hadi 80, lakini sifuri haimo. Protini ilitoka kwa HSV-2, ikakinga dhidi ya ndugu yake! Uchambuzi wa 2014 ulionyesha kwamba kadiri kingamwili (protini za kinga zinazonasa kirusi) dhidi ya gD zilivyokuwa nyingi, ndivyo mwanamke alivyokuwa salama zaidi dhidi ya HSV-1. Mwitikio wa seli T haukuonyesha uhusiano huo. Na kingamwili hizo zilipopimwa maabara, zilizima HSV-1 vizuri zaidi kuliko HSV-2. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa kinga isiyofika kiwango kinachotakiwa. Ni jambo tofauti kabisa na kinga iliyopotea njia.

Watoto wachanga wanasema hivyohivyo. Mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua humwambukiza mtoto mara nyingi sana kuliko mama aliyeambukizwa zamani, ambaye tayari amempa mtoto kingamwili zake kupitia kondo.

Upande wa pili una hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni chanjo ya mkanda wa jeshi, ugonjwa unaoletwa na kirusi cha tetekuwanga, nacho cha jamii ya herpesi. Imetengenezwa kwa gE ya kirusi hicho, protini ambayo si ufunguo mkuu wa kuingilia, na mwaka 2015 ilionyesha kinga ya asilimia 97 kwa watu wa miaka 50 na zaidi, hasa kwa kuamsha seli T. Lakini watu hao walikuwa na kirusi mwilini tangu walipougua tetekuwanga. Kazi ilikuwa kukizuia kisiamke. Kumkinga mtu ambaye hajaambukizwa ni kazi nyingine. Panya waliochanjwa kwa HSV-2 iliyonyofolewa gD walikingika vizuri, nalo silipuuzi, ingawa panya si binadamu.

Hoja inayonigusa zaidi ni kwamba kirusi hujitetea. Hupita moja kwa moja kutoka seli hadi seli jirani. Protini zake gE na gI hushika mkia wa kingamwili na kuidhoofisha, na gC hunasa C3b, kiungo muhimu cha kinga ya asili. Epstein-Barr, kirusi kingine cha jamii ya herpesi kinacholeta homa ya tezi, nacho kina zaidi ya njia moja ya kuingia: chanjo ya gp350, protini yake inayoshika kipokezi CD21 kwenye seli B za kinga, ilipunguza homa ya tezi kwa asilimia 78 katika jaribio la 2007 bila kuzuia maambukizi, kwani seli za epitheli, zinazofunika koo na nyuso nyingine za mwili, huingiliwa kwa gH na gL kushika kipokezi kingine, EphA2.

Hayo yote yananiambia kwamba protini moja haitoshi. Chanjo ya mRNA, yaani inayoupa mwili maelekezo ya kutengeneza protini, inayobeba gC, gD na gE kwa pamoja, gD ili kuziba mlango na hizo mbili ili kirusi kinyang'anywe ngao zake, ilianza kujaribiwa kwa binadamu mwishoni mwa 2022. Kitu cha kwanza nitakachokitafuta katika matokeo yake ni kiwango cha kingamwili zinazozima HSV-2, kwa sababu hapo ndipo ile ya 2012 ilipopungukiwa.