Mashine ya Eko Iliyofunikwa Kitenge

Wiki iliyopita madaktari bingwa wa moyo walikuja mkoani kwetu kwa kambi ya siku tano. Nilimpeleka mpwa wangu, binti wa miaka 14. Tulifika saa kumi alfajiri tukakuta foleni imeshafika nje ya geti, watu wametandika khanga chini ya mwarobaini, wengine wametoka wilaya za mbali tangu jana yake. Wale madaktari sina neno nao. Walipima watu mpaka usiku, na yule aliyempima binti yetu alimweleza ugonjwa wake taratibu, kama anazungumza na mtu mzima.

Kilichoniuma nilikiona kwenye chumba cha jirani. Kulikuwa na mashine ya eko ya hospitali yenyewe, ile inayoonyesha picha za moyo kwa mawimbi ya sauti, imefunikwa kitenge cha maua ya njano, kimefungwa kwa bandeji kisipeperuke. Nikamuuliza muuguzi mbona haitumiki. "Aliyekuwa anaijua alihamishwa mwaka juzi, kaka."

Mwaka juzi! Ndio wakati binti alipoanza kupumzika mara mbili njiani akitoka kuchota maji.

Ugonjwa wake ulianzia kooni. Alikuwa na miaka 9, akapata mafindofindo, tukampa maji ya chumvi ya uvuguvugu yakaisha. Baada ya wiki chache goti likavimba, likapoa, likafuata la pili. Tukasema anakua. Hakuna aliyetuambia kwamba bakteria wa koo wasipotibiwa, kinga ya mwili inayopigana nao inaweza kugeukia hata valvu za moyo, yaani milango inayopitisha damu, zikakakamaa zisifunge vizuri. Penisilini ya siku 10, au sindano moja ya benzathini, yaani penisilini inayokaa mwilini muda mrefu, ingetosha wakati ule. Sasa valvu yake ya kushoto inavuja, na anatakiwa kuchomwa sindano hiyo kila baada ya wiki nne, kwa miaka, ili isiharibike zaidi.

Najua tumetoka mbali. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanza mwaka 2015 ilitupunguzia safari za India, na leo mtu anafunguliwa kifua pale Muhimbili akarudi nyumbani akitembea. Dodoma kuna hospitali ya Benjamin Mkapa, Mwanza kuna ya Bugando. Nafurahi kwa dhati kila ninaposikia mtambo mpya umefungwa. Lakini matibabu ya moyo ya mkoa hayawezi kuwa kambi ya siku tano. Moyo wa binti huyu unapiga siku zote zile nyingine ambazo bingwa hayupo.

Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na watu wawili wanaojua eko, na mmoja asihamishwe kabla hajamfundisha wa kuchukua nafasi yake. Picha zinaweza kutumwa kwa bingwa aliyeko Dar es Salaam akazisoma. Na benzathini isikosekane zahanati, hata mwezi mmoja. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huu huu wa valvu unaotokana na koo, kwa hiyo asije mtu akasema haujulikani. Na wauguzi wafundishwe kuichoma sindano hiyo bila woga. Nimeshuhudia binti akirudishwa nyumbani, dawa ipo mezani, kwa sababu aliyekuwa zamu aliogopa mzio na hakuwa na dawa ya dharura ya kumpa kama ungetokea.

Sijagusa wazee wa presha wanaokunywa vidonge wakiumwa kichwa tu. Wala wenye kisukari wanaokatwa miguu bila mtu kuipima mishipa yake ya damu kwanza. Wala kifua kinachobana usiku, wakati karatasi za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, zimekwisha. Hayo nayo ni ya mkoani, na yanaua.

Binti anayo kadi yake ya sindano, ameipigia mistari mwenyewe kwa rula. Miraba miwili haina sahihi, na kila akiifungua anaiangalia hiyo kwanza. Sindano inayofuata ni Alhamisi. Nimepiga simu zahanati, dawa haijafika. Kesho napanda basi la saa kumi na mbili kwenda mjini kuitafuta, pamoja na maji yake ya kuchanganyia.