Strokestown: Nyumba ya Kabaila na Karatasi za Wenye Njaa

Katika jiko la nyumba kubwa ya Strokestown, kwenye kaunti ya Roscommon nchini Ayalandi, juu ya meza za wapishi ipo roshani ya mbao. Masimulizi ya nyumba hiyo yanasema kwamba kila Jumatatu asubuhi bibi mwenye nyumba alisimama hapo akadondosha karatasi yenye orodha ya mapishi ya wiki nzima, mpishi akaiokota, na shughuli ikaisha bila bibi kushuka wala mpishi kupanda. Chini ya ardhi kuna handaki lililochimbwa ili watumishi wapite bila kuonekana na waliokuwa sebuleni. Na nje, katika majengo ya mazizi ambako farasi walilala chini ya dari za matao, ndimo lilimo leo Jumba la Makumbusho la Taifa la Njaa Kuu, linaloeleza jinsi wapangaji wa mashamba ya nyumba hiyo hiyo walivyokufa na kufukuzwa katika miaka ya 1840.

Kijiji chenyewe ni kidogo, na wakazi wake hawafiki elfu moja. Swali linalokizunguka ni hili: je, ni haki kumbukumbu ya waliokufa njaa itunzwe katika uwanja wa aliyewatoza kodi, na nyumba yake iendelee kupigwa rangi, kuezekwa na kuonyeshwa kwa wageni kana kwamba nayo ni sehemu ya urithi wa wanakijiji?

Wanaojibu kwamba si haki wana sababu zao, na si za kubezwa. Ukoo wa Mahon, wenye nyumba hiyo, uliipata ardhi yake katika karne ya 17, baada ya vita vya Cromwell, jemadari Mwingereza aliyeivamia Ayalandi, wakati wenye ardhi Wakatoliki waliponyang'anywa. Jumba lililojengwa juu yake likawa dai la umiliki lililoandikwa kwa mawe. Ndiyo maana kati ya mwaka 1920 na 1923 nyumba kubwa za namna hiyo zipatazo 275 zilichomwa moto kote Ayalandi, na nyingine nyingi ziliachwa zibomoke baada ya uhuru bila mtu kuzililia. Zaidi ya hayo, kijiji hiki kina urithi wa kale zaidi ya Mahon wote. Jina lake la Kigaeli ni Béal na mBuillí, na katika sehemu hizo ndiko ulikokuwa ukoo wa Ó Maolchonaire, wanahistoria wa kurithishana walioandika habari za wafalme wa Connacht, jimbo la magharibi mwa Ayalandi, na kushiriki katika kuwatawaza juu ya kilima cha Carnfree, karibu na Tulsk. Mgeni anayefika leo huelekezwa moja kwa moja kwenye lango la kabaila. Anayelalamika kwamba karne nyingi za kumbukumbu zimefunikwa na miaka michache ya njaa na samani za ukoo mmoja, halalamiki bure.

Hata hivyo, wengi wanaoikataa nyumba hawaulizi tunajuaje tunachokijua kuhusu watu wale maskini.

Mwaka 1979 ukoo huo uliiuza nyumba pamoja na mashamba yake. Mnunuzi hakuwa mwanahistoria. Jim Callery alikuwa mfanyabiashara wa hapo hapo Strokestown mwenye gereji ya malori, na alichokihitaji ni nafasi ya kupanua biashara yake. Katika kupekua makaratasi yaliyokuwa yameachwa ndani ya nyumba akakutana na barua ya Agosti 1846, ombi la wapangaji wa Cloonahee. Wanaandika kwamba familia zao zinateseka kweli mbele ya macho yao, kwamba hawawezi kuendelea kuvumilia vilio vya watoto wanaotaka chakula, kwamba viazi vyao vimeoza na nafaka hawana. Wanawaambia mabwana wanaowaandikia kwamba wanajua machache mno kuhusu hali ya maskini. Sauti ya barua ni ya watu wenye adabu ambao subira yao inakaribia ukingoni. Callery aliamua kuiacha nyumba isimame na karatasi zibaki humo, na leo kumbukumbu hizo zinazidi nyaraka 50,000. Nyumba ilifunguliwa kwa umma mwaka 1987, na makumbusho yakazinduliwa mwaka 1994 na Rais Mary Robinson.

Barua ile haikuhifadhiwa na walioiandika, na wala wasingeweza. Watu ambao nyumba zao zilivunjwa paa wakafukuzwa, wakafia njiani au ng'ambo ya bahari, hawana kabati la nyaraka. Aliyekuwa na kabati ni bwana, na karani wake alikuwa na tabia ya makarani wote ya kutotupa kitu. Kama nyumba ya Strokestown ingeungua pamoja na zile 275, tungebaki na hasira halali na ushahidi mchache.

Chukua hesabu moja tu, ambayo mimi kila nikiirudia huiona inatisha kuliko picha yoyote ya njaa. Meja Denis Mahon alirithi mali hiyo mwaka 1845 ikiwa na madeni ya zaidi ya pauni 30,000, na kodi za miaka kadhaa hazijalipwa. Sheria ya maskini, iliyogharimia msaada wa mafukara kwa ushuru wa ardhi, nayo ilimtwika mwenye ardhi ushuru wa kila mpangaji ambaye kipande chake kilithaminiwa pauni 4 au pungufu, kwa hiyo mpangaji mdogo alipozidi kuwa maskini, bwana alizidi kudaiwa kwa ajili yake. Wakala wake, John Ross Mahon, akakaa chini na kalamu. Akakadiria gharama ya kuwaweka watu hao kwa mwaka mmoja katika nyumba ya maskini, yaani makao ya umma ya mafukara, kisha gharama ya kuwalipia nauli hadi Kanada, na akakuta kwamba kuwasafirisha kungegharimu karibu nusu. Hakuna tusi wala kiburi katika hesabu hiyo. Ni kujumlisha na kutoa tu, kazi safi ya ofisini, na anayeitafuta chuki katika maandishi yake atatoka mikono mitupu. Na Kanada yenyewe ilichaguliwa kwa kuwa nauli ya kwenda Quebec ilikuwa nafuu kuliko ile ya Marekani.

Mei 1847 watu 1,490 wakaondoka Strokestown kwa miguu, wakifuata ukingo wa mfereji wa Royal hadi Dublin, mwendo wa kilomita 165, wakisindikizwa na mtumishi wa bwana aliyepewa kazi ya kuhakikisha kwamba wamepanda meli. Kutoka Dublin walivushwa hadi Liverpool, na huko wakagawanywa katika meli nne: Virginius, Naomi, John Munn na Erin's Queen. Virginius ilibeba abiria 476, na 158 kati yao walikufa baharini kabla ya kuiona nchi kavu. Daktari mkuu wa karantini ya Grosse Île, kisiwa kilichomo katika mto St. Lawrence, aliandika kwamba kati ya waliofika hai hawakuzidi sita au wanane waliokuwa wazima kweli. Akiba ya wakala, ile nusu ya gharama, ililipwa huko.

Kwa upande mwingine, hoja yangu ina tundu, na ni afadhali nilionyeshe mwenyewe. Tarehe 2 Novemba 1847 Meja Mahon alipigwa risasi akafa alipokuwa akirudi kutoka mkutano wa bodi ya nyumba ya maskini mjini Roscommon. Katika Bunge la Malabwana mjini London padri wa Strokestown, Michael McDermott, alilaumiwa kwamba alimshutumu marehemu altareni, jambo ambalo padri alilikana. Mwaka 1848 Askofu George Browne wa Elphin akajibu kwa kuchapisha gazetini orodha ya waliofukuzwa katika ardhi ya Mahon: watu 3,006. Orodha hiyo haikutoka katika kabati la bwana. Ilikusanywa na upande wa waliofukuzwa, na inathibitisha kwamba maskini hawakuwa bubu kiasi wanachofikiriwa na wapenzi wa nyaraka za makabaila. Isitoshe, vitabu vya kodi huwaandika wenye kodi. Kibarua aliyelima kipande cha viazi cha mwingine kwa kubadilishana na siku za kazi hakuwa na mstari wake humo, na pengine ndiye aliyetangulia kufa. Kati ya mwaka 1841 na 1851 Roscommon ilipungua kutoka watu wapatao 253,000 hadi 173,000, uwiano mkubwa kuliko wa kaunti nyingine yoyote ya Ayalandi, na wengi katika pengo hilo hawana jina katika daftari lolote, la askofu wala la wakala.

Pamoja na hayo, orodha ya askofu inatuambia nani alifukuzwa. Daftari la wakala linatuambia kwa nini, na kwa bei gani. Zote mbili zinahitajika, na hii ya pili haikuwa na mahali pengine pa kukaa. Ndiyo sababu naona roshani ile ya jikoni ina haki ya kubaki ilipo. Mgeni aliyekwisha kuona jinsi nyumba nzima ilivyopangwa ili bibi asimkaribie mpishi wake ataelewa kwa urahisi jinsi wakala alivyoweza kupanga safari ya watu 1,490 kwa mistari michache ya tarakimu. Ukivitenganisha vitu hivi viwili, yaani nyaraka zipelekwe Dublin na jumba libaki na samani na bustani yake, utapata maktaba upande mmoja na ukumbi wa harusi upande wa pili.

Uhifadhi wa namna hii pia husaidia kuchuja yale ambayo kijiji hupenda kujisimulia. Barabara kuu ya Strokestown ni pana kupita kiasi kwa kijiji cha ukubwa huo, na inadaiwa kwamba mmoja wa mabwana wa Mahon aliiga Ringstrasse, barabara pana inayozunguka katikati ya jiji la Vienna. Ni hadithi tamu, ila ujenzi wa Ringstrasse uliamriwa mwaka 1857, wakati barabara ya Strokestown ilikuwa imekwisha kuwepo tangu kabla ya njaa. Bwana hawezi kuiga kitu ambacho bado hakijazaliwa.

Wala habari hizi si za makabati tu. Desemba 2018, katika eneo la Falsk karibu na kijiji, walinzi waliowatoa watu katika nyumba ya shamba kwa sababu ya deni walivamiwa usiku na kundi la watu, na magari yao yakachomwa moto. Sidhani kwamba kila aliyekuwa pale alikuwa akimfikiria Meja Mahon, lakini neno kufukuzwa lina uzito wake Roscommon, na ghasia zile ziliufanya uonekane.

Njia ile ya kilomita 165 sasa imewekewa viatu vya shaba kila baada ya mwendo fulani, mfano wa viatu halisi vya mtoto wa karne ya 19 vilivyokutwa vimefungwa pamoja katika paa la nyasi. Mmoja wa waliopita hapo mwaka 1847 ni Daniel Tighe, mwenye umri wa miaka 12, akiwa na mama yake mjane, mjomba wake na ndugu zake. Walipandishwa Naomi. Waliofika hai ni Daniel na dada yake Catherine tu, nao wakalelewa Quebec na familia ya Wakanada wasemao Kifaransa, iliyowaacha waendelee kutumia jina lao la Tighe. Mwaka 2013 mmoja wa uzao wa Daniel alikuja Strokestown, akawakuta watu wa ukoo wa Tighe wangali wanaishi huko huko walikotoka wale watoto wawili. Yeye mwenyewe aliandikwa Tye; ng'ambo jina lilikuwa limekwisha kupungua herufi.