Mahari Nimeiahidi Kanzu

Kwa kuwa shemeji yangu ameshasambaza sauti kwenye magrupu yote kwamba nimebusu nguo ukweni, ngoja niweke mambo sawa. Sikubusu. Nilishika mkono tu. Wa kanzu.

Mnaijua Tanga magharibi ikishaingia na umeme ukakatika. Nafika, barazani kiza, mwanga wa kandili unatokea ndani kwa mbali. Mzee huyo, kakaa. Kofia ya viua ile ile, kanzu ile ile, bakora imeegemea gotini. Nikavua viatu, nikainama: "Shikamoo, baba."

Kimya.

Hapa msicheke kwanza. Kimya kile mimi nikakisoma, nikaona kabisa mzee kakunja uso! (Uso upi, msiniulize.) Nikajua ni ile mahari niliyobakiza. Nikapiga goti, nikaudaka mkono wake kwa adabu zote: "Baba, najua nimechelewa. Iliyobaki naileta mwisho wa mwezi, yote." Mkono ukaja. Mbichi, unanukia sabuni ya mche. Ukazidi kuja, mpaka kanzu nzima ikaniporomokea mapajani, kiti cha plastiki kikabaki kitupu. Kofia haikutikisika: ilikuwa dirishani nyuma ya kiti, imevalishwa kopo la maziwa ikauke na umbo lake.

Nyuma yangu nikasikia: "Marahaba. Mwisho wa mwezi upi?" Ndiyo kwanza anatoka msikitini.

Wataalamu wa kunitetea wapo, jamani. Mwaka 1955 Mwitaliano mmoja, Gaetano Kanizsa, alichapisha mchoro wa viduara vitatu vyeusi, kila kimoja kimemegwa kipande. Ukiutazama unaona pembetatu nyeupe katikati, na hakuna aliyeichora. Ubongo ukipewa pembe, mistari unajichorea wenyewe. Mimi nilipewa kofia, kanzu na bakora. Baba mkwe nikamjazia mwenyewe, na hasira nikamwongezea.

Nikamweleza mzee yote hayo. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama huyo Mwitaliano mahari alimaliza.

Kanzu ikafuliwa upya, chai tukanywa, shemeji akarekodi. Mke wangu sasa kila akipita kwenye kamba ya nguo anaamkia mashati. Na nyie mnaocheka huko, mwisho wa mwezi ni Jumanne. Michango napokea.