Miti yangu haikatwi kwa ajili ya roboti

Fundi wa roboti za kukatia nyasi alikuja kukagua uwanja wetu. Nyasi hakuziangalia sana. Aliinua uso juu, akazunguka na simu mkononi akitafuta mawimbi ya setilaiti, halafu akatamka bila kusita: hii miti mitatu ya katikati ikiondoka, mashine itafanya kazi vizuri. Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka getini, na hasira bado ninayo.

Huku ughaibuni nilipo maneno kama hayo husemwa kirahisi tu. Una kiwanja kikubwa, miti imeshakomaa, kivuli kimefunika zaidi ya nusu, na unaambiwa kiwanja chako ndicho chenye kasoro. Nyumbani sijapata kumsikia mtu wa fyekeo akiulalamikia mti. Anauzunguka, anajua mzizi umelala wapi, penye mizizi anapunguza nguvu ya mkono, na akichoka anapumzika palepale chini yake. Kule mkataji anaufuata uwanja. Huku uwanja unaambiwa umfuate mkataji.

Najua wapo huko nyumbani watakaosema nimeshakuwa wa ughaibuni: sisi tunahangaika na umeme na maji, yeye analia na roboti. Semeni, lakini nisikilizeni. Sijivunii mashine ambayo hata sijainunua. Nimeandika kwa sababu ninyi wenyewe ndio mnaoniuliza kila mara kama hizi roboti zinafaa kutumwa nyumbani, na wengi wenu viwanja vyenu vina miti kuliko changu.

Basi tuzungumze kazi yenyewe. Roboti ya kwanza ya aina hii kutoka Husqvarna, kampuni ya Uswidi, ilitoka mwaka 1995 na ilitembea kwa nguvu ya jua. Kwa hiyo kivuli kilikuwa kikwazo tangu mwanzo kabisa. Baadaye zikaja za betri, zinazorudi zenyewe kwenye kituo cha kuchajia, na mpaka wa uwanja uliwekwa kwa waya uliofukiwa ardhini au kubanwa juu ya udongo. Waya huo haujali kivuli. Kituo kinapitisha umeme mdogo ndani yake, roboti inahisi mawimbi yake, inajua hapa ndipo mwisho. Shida yake ni mizizi: kuufukia waya kati ya mizizi minene ni kazi ya kuchosha, na jembe moja la mtu asiyejua waya ulipo linatosha kuukata.

Nyingi za siku hizi hazitaki waya. Zinategemea setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi juu yetu, na antena moja iliyosimikwa penye anga wazi ili kusahihisha vipimo mpaka kosa libaki sentimita chache. Penye uwanja wazi zinakwenda mstari ulionyooka. Chini ya miti ni habari nyingine. Mawimbi yanafika yakiwa dhaifu sana. Majani mabichi yanayanyonya, mashina yanayarudisha pembeni, na roboti haijui tena ilipo. Zilizo nzuri husimama. Nyingine hupotea njia na kuingia kwenye maua. Za kamera zinahitaji mwanga wa kutosha, na majani yaliyoanguka yakishafunika nyasi, kamera haioni nyasi zinaishia wapi.

Ila haki isemwe. Zipo zinazopima umbali kwa mionzi ya leza, na hizo mti unazisaidia, kwa sababu zinatambua mahali zilipo kwa kupima mashina na kuta zilizo karibu. Zinafanya kazi hata gizani. Penye uwanja mtupu usio na kitu cha kupima ndipo zinapata taabu. Yule fundi hakuzitaja kabisa. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote: ufumbuzi upo ndani ya teknolojia yao wenyewe, lakini la kwanza kumjia mdomoni ni shoka.

Hata hivyo kujua njia ni nusu tu ya kazi. Roboti ya jirani iliwahi kukwama chini ya mti wake mkubwa, akaniita tuinyanyue. Ilikuwa imekalia mzizi kwa tumbo, magurudumu ya nyuma yamechimba mifereji miwili kwenye udongo mbichi, na ganda la mzizi limechubuka mpaka ndani kukaonekana kweupe. Tulipoigeuza nikaviona visu vyake. Ni vipande vitatu vidogo, vyembamba kama wembe, vimefungwa kwa skrubu kwa namna ya kulegea ili vijikunje vikigonga kitu kigumu. Kimoja kilikuwa na pengo, kingine kimevunjika ncha, na kijiti kimejibana pembeni ya sahani inayovizungusha. Visu vile vimetengenezwa kupunguza ncha za nyasi kidogo kidogo kila siku. Vijiti, kokwa na matawi makavu si kazi ya visu hivyo, na uwanja wenye miti hauishiwi na vitu hivyo.

Nyasi za kivulini nazo zina mahitaji yao. Zinakua polepole kwa kukosa mwanga, kwa hiyo zinatakiwa ziachwe ndefu, sentimita 7 au 8, ili jani lipate eneo la kutosha la kunasa ule mwanga kidogo uliopo. Roboti nyingi haziwezi kuinua visu mpaka huko. Ukiiacha ipite kila siku juu ya nyasi zisizokua, magurudumu yanazikanyaga hadi ardhi inabaki wazi. Majani machache yaliyokauka inaweza kuyasaga yakawa mbolea, lakini yakianguka kwa wingi utayakusanya kwa reki, kwa mkono wako mwenyewe.

Na kiwanja kikiwa kikubwa kinahitaji saa nyingi, maana roboti inakata kidogo, inarudi kuchaji, inatoka tena. Wengi wanaiacha ifanye kazi usiku. Hapo mimi napinga kabisa. Huku kwenye vichaka na majani makavu ndiko anakoishi kalunguyeye, anayetoka usiku, na akiogopa hujikunja badala ya kukimbia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulizijaribu mashine 18 kwa kutumia miili ya kalunguyeye waliokwisha kufa, na hakuna hata moja iliyomtambua kabla ya kumgusa. Baadhi zilimkata.

Sasa nakuja kwenu mnaosema namsifu mtu wa fyekeo kwa sababu niko mbali naye. Huyo mtu namfahamu. Najua mgongo wake unavyouma, najua tunavyomwambia apite kesho kuchukua hela yake, kesho ikawa wiki. Aibu hiyo ni yetu wote, na ndiyo inayonifanya nikasirike nikiona mtu anatuma roboti nyumbani ili aonekane, ilhali amemkopa jasho mtu anayeujua uwanja ule mti kwa mti. Roboti haitamwona ndege aliyetaga kwenye nyasi ndefu. Yeye anamwona, anapaacha. Ujuzi huo hatujawahi kuulipia, na huku nimeona watu wakitoa fedha nyingi kununua nusu yake.

Wala msinijibu kwamba nyumbani miti tunaijali kuliko huku. Tunaijua mingapi iliyokatwa ili zege limwagwe mpaka ukutani? Kwa hilo sisi na yule fundi tuko sawa, ila sisi hatuna hata roboti ya kusingizia.

Je, inafaa? Kwa sehemu. Ukiwa na uwanja mkubwa wenye miti, ugawe. Ile sehemu wazi, tambarare, ipe roboti, ifanye kazi mchana. Kuizunguka miti weka matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, duara pana lisiloegemea shina, ili mashine isifike kwenye mizizi na usipigane na nyasi ambazo hazitaki kuota pale. Kinachobaki kivulini kikatwe na mtu, mara chache, kikiwa kirefu. Antena isimikwe mahali panapoona anga, au uchague yenye leza, au urudi kwenye waya wa zamani. Kivuli kikiwa kimefunika karibu uwanja wote, usinunue.

Na anayetaka kutuma nyumbani, asitume kabla hajajua nani atabadilisha visu, vya akiba vitatoka wapi, na umeme ukikatika siku mbili roboti itachajiwa na nini. Kama majibu hayo hana, fedha hiyo impe anayefyeka, alipwe kwa wakati na anunuliwe viatu vigumu na miwani ya kukinga macho.