Mara mbili ya ngapi?
Mmeandika vidonge vya majira vinaongeza hatari ya damu kuganda mara mbili, jamani mara mbili ya ngapi? Uingereza 1995 walitangaza hivihivi kuhusu vidonge vya aina mpya kulinganisha na vya zamani, wanawake wakaogopa wakaacha vidonge, mwaka uliofuata utoaji mimba ukapanda kwa maelfu, kumbe ilikuwa kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2, na mimba yenyewe inagandisha damu kuliko hivyo vidonge. Mdogo wangu aliambiwa na nesi "una hatari" akarudi analia, maana kwetu hatari ni lile fuvu kwenye nguzo ya umeme. Nikamwaga maharage ungo mzima, moja nikalipaka wino, nikachanganya, nikamwambia fumba macho uchote hilo. Kachota mpaka kachoka, ndo akanielewa hatari yenyewe ilivyo ndogo.